Kusi imeanza, vyumba vitupu: Malindi, Watamu na Lamu mnawapata wapi wateja Aprili mpaka Julai?

MamaMgahawa_Mld

Salaam wanajamvi, hodi humu. Pasaka imepita, Waitaliano wengi washafunga majumba yao wamerudi kwao, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imeanza kuvuma na juzi usiku ilinyesha mvua ya kwanza ya maana mpaka nikaweka ndoo mbili sebuleni. Nina nyumba ya wageni hapa Malindi, vyumba nane na mgahawa mdogo chini, siko bichi kabisa, ni kama dakika saba kwa miguu. Desemba mpaka Machi sina shida, simu inaita hata nikiwa nimelala. Shida ni Aprili, Mei, Juni na nusu ya Julai. Wenye hoteli wa Ulaya wanalia biashara ikifika miezi ya baridi, sisi huku ni kinyume, baridi yao ndio inatuletea watu, kwao jua likitoka huku kunanyamaza mpaka unasikia makuti yanavyochapwa na upepo.

Nieleze niliyopitia kabla sijauliza, manake naona wengi tunarudia makosa yaleyale.

Mwaka wa kwanza nilifunga mgahawa, wafanyakazi wangu wanne nikawaambia waende likizo bila mshahara tutaonana Julai. Nikajiona nimeokoa pesa. Julai nilipowapigia, mpishi wangu, mama mmoja ambaye samaki wake wa kupaka ndio watu walikuwa wanarudia hapa, alikuwa ameshapata kazi Kilifi na hakurudi tena. Msimu mzima uliofuata nilihangaika kutafuta mkono kama ule na sikuupata. Kijana wa usafi nilimkuta timboni anakata mawe, mikono imechubuka yote, na mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Mwaka wa pili nikashusha bei. Chumba cha 5,000 nikakitoa 2,000. Walikuja wachache tu, halafu Desemba walewale wakapiga simu wanataka 2,000 ileile, nikiwaambia ni 5,000 wananiona nimewageuka. Mmoja akaandika mtandaoni kwamba hapa bei hazina msimamo, na nikiangalia upande wake hakukosea.

Mwaka jana nikakaa na daftari. Mgeni mmoja akilala kwangu, chai ya asubuhi yenye mahamri, mayai na matunda ni 300, kufua shuka na taulo 150, sabuni, maji na stima kama 250. Hiyo ni 700. Akitokea kwenye mtandao wa kubuki kuna komisheni yao, kwangu ni asilimia 15. Kwa hivyo chumba nikikiuza hata 3,500 kuna kitu kinabaki cha kusaidia mishahara, na kikikaa kitupu sipati hata shilingi wakati kodi ya nyumba iko palepale. Lakini hesabu hiyohiyo ikanionyesha kitu kingine, kwamba mtu ambaye hakuwa na mpango wa kuja Malindi mwezi wa tano hatakuja kwa sababu nimepunguza elfu moja, anahitaji sababu ya kufunga safari. Na mimi nilikuwa sijampa mtu yeyote sababu.

Basi nikajiuliza, Mei nani yuko hapa? Jibu likawa rahisi, watu wa mji wenyewe. Walimu, watu wa benki, mahospitali, maduka, wafanyakazi wa kaunti, hawa hawaondoki na kusi. Nikaanza biriani ya Ijumaa kwa oda. Alhamisi jioni naweka kwenye stetasi ya WhatsApp, oda zinafungwa saa mbili usiku, asubuhi tunajua ni nyama kiasi gani tunanunua na hakuna kinachotupwa. Sahani 350, mkebe wa kubebea unanila 20, bodaboda anazungusha ofisini baada ya sala ya Ijumaa. Ijumaa ya kwanza sahani 12. Mwisho wa Juni zikafika 45. Sikutajirika lakini jiko halikufungwa, mpishi wangu mpya na wasaidizi wawili walilipwa mwezi wa tano na wa sita, na Julai sikuanza upya.

Hiyo ni ya mgahawa. Vyumba bado vinanishinda, ndio nauliza nyinyi mnafanyaje? Na tafadhali msiniambie nipunguze bei.

---

MwanaLangoni

Alaikum salaam dada. Mimi niko Lamu, nyumba ya mawe ya babu yetu hapa Langoni, vyumba vitano tunakodisha. Huku mambo yalitufunza mapema manake sisi tumepata pigo zaidi ya moja, 2014 baada ya yale mashambulizi ya Mpeketoni tukawekewa kafyu na wageni wa nje wakakatika kama uzi, halafu 2020 ndege za kimataifa zikasimamishwa kuanzia Machi mpaka Agosti mosi. Aliyekuwa anategemea mzungu peke yake alilala njaa.

Kitu cha kwanza nataka kukwambia, shika kalenda ya Kiislamu na ya kizungu uziweke pamoja ukutani. Ya kwetu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo sherehe zinahama misimu. Mwaka huu 2026 Iddi ya kuchinja inaangukia mwisho wa Mei, mwakani katikati ya Mei, 2028 mwanzo wa Mei. Unaona maana yake? Ile wiki uliyozoea kuiita mfu sasa ina Iddi ndani yake, miaka mitatu mfululizo! Watu wa Mombasa na Nairobi wenye asili ya huku wanarudi muyini, nyumba za jamaa zinajaa, wengine wanataka chumba cha watu wazima walale kwa utulivu. Na Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, unaanza katikati ya Agosti mwaka huu, utaendelea kurudi Julai huko. Maulidi ya Lamu yanaleta wageni kutoka pwani yote, msikiti wa Riyadha unafurika, na zamani yakiangukia msimu wa wazungu tulikuwa tunagombania vitanda. Sasa yanatujazia kipindi ambacho vitanda viko. Ila Ramadhani nayo imehamia Februari, kwa hivyo msimu wenyewe mkubwa umeingiwa na mwezi wa kufunga, lazima upange jiko lako upya.

La pili ni wakaaji wa muda mrefu. Vyuo vya Marekani vinafunga Juni mpaka Agosti, na kuna wanafunzi wanaotafuta pa kukaa wiki sita wajifunze Kiswahili. Pia kuna watu wanaofanya kazi kwa laptopu, hawa upepo wa kusi wanaupenda manake Lamu Januari joto linawachosha. Hawa siwatozi kwa usiku, nawapa bei ya mwezi na nawaambia wazi kwamba bei hiyo ni ya Aprili mpaka Julai tu. Desemba hakuna wa kunidai bei ya mwezi, ni biashara tofauti kabisa na chumba cha usiku mmoja. Wanachotaka ni vitu vitatu, intaneti isiyokatika, meza ya maana (si kile kimeza cha kuwekea kahawa) na mtu wa kuwapikia mchana. Nilinunua inveta na betri kwa sababu ya wateja wawili, zimeshajilipa.

---

MhudumuWaZamani

Mama Mgahawa, Mungu akubariki kwa kumtaja yule kijana wa timboni. Mimi nimehudumu mahoteli miaka kumi na moja, Malindi na Watamu, na kila Aprili ilikuwa barua, rudi Julai tukikuhitaji. Watoto shule inafunguliwa mwisho wa Aprili, karo inatakiwa, wewe ndio umetoka kazini. Matajiri wengi hawajui kwamba mhudumu akijua Aprili anatimuliwa, Machi ameshaacha kujituma, anatafuta pengine, na wateja wa mwisho wa msimu wanahudumiwa na mtu ambaye roho yake haipo.

Hoteli moja niliyofanya, sitaitaja, walituuliza wenyewe mnaonaje, tukakubaliana kila mmoja afanye nusu mwezi alipwe nusu, wote tubaki. Ilikuwa ngumu lakini Julai tulikuwa timu ileile, wageni waliorudi walituita kwa majina, na mmoja akaniletea picha ya mjukuu wake. Huwezi kumleta mtu wa namna hiyo kwa tangazo.

Halafu niseme kitu kwa wenye mahali. Kusi wengi mnajifunga wenyewe bila kujua. Mgeni anapita jioni, taa za nje zimezimwa ili tokeni zisiishe, viti vimepinduliwa juu ya meza, mhudumu mmoja yuko kwenye simu. Nani ataingia? Akiingia anapewa menyu ya kurasa nane ya Desemba, anaagiza kamba hakuna, anaagiza ngisi hakuna, anaagiza piza yule wa piza ameenda kwao. Mara ya tatu anasimama. Andika vitu sita kwenye ubao, sita ambavyo vipo kweli, washa taa ya mlangoni, mtu mmoja akae mbele aseme karibu. Nimeona mahali pakijaa kwa hilo peke yake.

Na harufu! Masika godoro linavuta unyevu, chumba kikifungwa wiki mbili kinanuka ukungu hata ukipulizia manukato gani. Fungueni madirisha kila siku mvua ikikatika, magodoro yasimamishwe, shuka zisikunjwe zikiwa na unyevunyevu. Mgeni wa Mei ni mmoja, akiondoka na harufu hiyo puani umempoteza na wa Desemba pia.

---

Kapotea_Ngong

Mimi ni mteja tu, naishi huku Nairobi upande wa Ngong. Nitawaambia tunavyoona sisi.

Mwaka juzi nilikuja Malindi na mke wangu mwezi wa tano. Picha tulizoona ni bahari ya buluu, mchanga mweupe, kumbe ni za Januari. Tulikuta mwani umejaa ufuo mzima, bahari imechafuka, mvua siku mbili, na pale tulipofikia hakuna aliyetuambia la kufanya. Tulikaa chumbani tukiangalia simu. Mke wangu akasema hatarudi. Lakini siku ya tatu dereva wa tuktuk akatupeleka Gede asubuhi, mvua ilikuwa imekatika, ile miti mikubwa kwenye magofu inadondosha maji, nyani wanaruka juu ya kuta, tulikuwa sisi wawili tu na mwongozaji. Nimezunguka Kenya hii lakini asubuhi ile sijaisahau. Jioni akatupeleka Marafa, kwenye makorongo ya Nyari, ule udongo mwekundu baada ya mvua unang'aa kama umepakwa mafuta. Sasa kwa nini haya yote tulionyeshwa na dereva wa tuktuk na si wenye hoteli?

Ombi langu ni mpige picha za wiki hii hii. Kama kuna mwani semeni kuna mwani, halafu onyesheni na kile kilichopo. Mtu akija anajua anachokuja kukipata hawezi kukasirika.

La pili, mnasahau kwamba sisi pia tuna baridi yetu. Nairobi Juni mpaka Agosti ni mawingu wiki nzima, usiku unashuka mpaka nyuzi 11 au 12, watoto wanakohoa, tunavaa masweta ndani ya nyumba. Nyinyi Julai mna nyuzi 26 na 27 na upepo! Mimi Julai sihitaji bahari tulivu, nahitaji joto kwenye mifupa. Sijawahi kuona hata tangazo moja la Malindi linalomwambia mtu wa Nairobi hivyo. Treni tangu 2017 inatufikisha Mombasa kwa saa tano sita, lakini kutoka stesheni ya Miritini mpaka Malindi ndipo tunapochoka, usiku na watoto unaanza kupatana bei na matatu. Mkiniambia gari litakungojea stesheni na limo kwenye bei, mimi nimeshanunua. Kuliko kunipunguzia elfu moja ya chumba, nitolee hiyo adha.

---

Nahodha_Mida

Ndugu zangu, mimi ni wa baharini niseme ya baharini.

Kusi si kwamba bahari imefungwa, ni kwamba imebadilika. Nje ya mwamba Mei na Juni mwanzo sikushauri, boti ndogo usimpeleke mgeni kwa tamaa ya elfu tatu, mimi nimekataa safari nyingi na sijutii hata moja. Lakini mkondo wa Mida, hapa Watamu, uko ndani, umekingwa, upepo unapita juu kwa juu. Siku za bamvua, zile za maji makubwa, maji hujaa jioni kuanzia saa kumi, yanaingia mpaka ndani ya mikoko, unapita na mtumbwi katikati ya miti jua likishuka. Yale ni maji ambayo mgeni wa siku za maji mafu, yanapojaa kidogo, hayaoni. Kwa hivyo mwenye hoteli ajue siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ampangie mgeni jioni ya bamvua, asimtume tu saa nne asubuhi akakute matope. Ndege wengi wageni wa Mida wanaondoka kabla ya Mei kurudi kaskazini, kwa hivyo usimwahidi mtu makundi ya ndege Juni, muahidi mikoko na kaa wa kupikwa kwa nazi.

Kuanzia Julai nyangumi wenye nundu wanapita hapa nje, wanatoka kwenye bahari za baridi huko kusini kuja kuzaa na kulea kwenye maji yetu ya joto, wanaonekana mpaka Septemba. Tunatoka alfajiri saa kumi na mbili kabla upepo haujapanda, na hatumsogelei mnyama, tunazima mashine tunangoja. Nimewahi kuwa na mzee wa Nyeri ambaye alikuwa hajapanda boti maisha yake, nyangumi akainuka mbele yetu, mzee akavua kofia. Kitu kama hicho Januari hakipo, na watu wa Malindi wenyewe wengi hawajui kipo.

Na wale wa kaiti, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, wanataka upepo, upande wa Mambrui Julai na Agosti kusi inavuma siku nzima bila kukatika.

---

MamaMgahawa_Mld

Nimesoma yote mara mbili, mmenifungua macho. Kaka Kapotea, samahani kwa niaba ya Malindi, na mwambie shemeji asituhesabie ile ya kwanza. Hilo la baridi ya Nairobi nimeliandika kwa wino mwekundu. Miaka yote nimehesabu miezi ya baridi ya Milano na sikuwahi kuhesabu ya Ngong.

Niongeze langu la semina maana wengi wataniuliza. Mwaka wa serikali unaisha Juni 30, kwa hivyo Mei na Juni ofisi nyingi na mashirika wanataka kumaliza bajeti, semina ni nyingi sana. Mimi nilichukua moja ya watu 22 siku tatu, chai mara mbili na chakula cha mchana, nikakodisha projekta na jenereta. Watu wazuri, walikula wakasifu. Malipo nilipata baada ya miezi saba, na mimi mchinjaji na mwenye duka walinidai mwezi uleule. Tangu hapo ofisi ambayo haitoi nusu kabla ya kuingia siipokei hata ikiwa na watu mia.

Vyama ndio wazuri. Vyama vya akina mama wa Voi, Mombasa, Machakos, wanachanga mwaka mzima, wakija wanalipa M-Pesa kabla ya basi kuondoka, wanakula, wanacheza ngoma mpaka usiku, na mmoja akifurahi anakuletea chama cha dada yake. Nilipata viwili mwaka jana bila kutafuta. Mwaka huu nataka kutafuta.

Kwa hivyo ninachofikiria ni hivi, mniambie kama nimekosea. Bei ya chumba inabaki 5,000. Kusi mgeni akilala usiku mbili wa tatu ni wangu, gari kutoka Miritini liko ndani, asubuhi ya Gede iko ndani, na jioni moja mpishi anawafundisha samaki wa kupaka, kukuna nazi kwa mbuzi na kila kitu. Kwa vyama nafungua nyumba yote vyumba nane. Nahodha, jioni za bamvua nakuletea watu, tukubaliane bei moja isiyobadilika mlangoni.

---

MwanaLangoni

Hujakosea dada, ila gari la Miritini kwa mtu mmoja litakula faida yote. Weka siku, sema Ijumaa na Jumapili tu, wageni wa nyumba mbili tatu wachangie gari moja. Ongea na jirani zako, kusi si wakati wa kunyang'anyana.

Na jambo la ndia ya huku. Mgeni wako akiwa na siku sita mtumie kwangu tatu. Basi la kutoka Malindi linamfikisha Mokowe, boti inamvusha, na barabara ya Garsen mpaka huku ni lami. Mimi nampeleka Matondoni akaone mafundi wa majahazi, manake kusi vyombo vingi vimepandishwa pwani vinakalafatiwa na kupakwa, fundi ana muda wa kuongea, anampa mgeni nyundo agonge pamba mwenyewe. Desemba fundi huyohuyo hana hata dakika. Fundi analipwa mkononi, si kupitia kwangu, na wageni wakiona hivyo wanaongeza.

---

MhudumuWaZamani

Mama, hilo darasa la mapishi mpishi umemuuliza? Mlipe hiyo saa mbali na mshahara. Akijua jioni ya wageni ni yake, atakupikia kwa moyo.

---

MamaMgahawa_Mld

Nimemuuliza sasa hivi, yuko hapa anachambua mchele. Anasema anataka 500 kwa jioni, na wageni wasizidi sita manake jiko ni dogo, na nazi wakune wenyewe yeye hakuni za watu sita. Nimekubali.

---

Nahodha_Mida

Bei yangu 1,500 kwa mtu, wakiwa wanne 1,200. Bamvua ya mwezi huu, nipigie siku mbili kabla, tukutane gatini saa kumi kasorobo. Waambie waje na nguo za kubadilisha.